Dada Yetu Opereta, na Wenyewe Waliosubiriwa

Ndugu zangu katika msiba huu, majirani, na ninyi mlioacha kazi zenu mkaja, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yalivyo, hata pale yatakapotukera.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga, akiwa mtoto wa kwanza wa mama yetu, aliyekuwa mfuaji nguo wa hoteli, na wa mpima ardhi wa kizungu aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao kabla mtoto hajatambaa, asionekane tena, na baba yangu alipomwoa mama miaka mitatu baadaye alimlea kama bintiye wa kumzaa.

Alianza shule Januari 1965 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1975, na huko ndiko majina yalikoanzia, chotara, nusu mkate, mzungu wa mtumba, na kila mwaka shule ilipoandaa mchezo wa kuigiza hakuna aliyeuliza nani awe mkoloni, alivishwa kofia ngumu akapewa fimbo, wenzake wakamzomea jukwaani kama mchezo ulivyotaka, kisha wakaendelea kumzomea njiani hadi mlangoni kwetu. Mwalimu alimsifu kwamba anajua kuigiza kilio. Jamani, alikuwa analia.

Tarehe 1 Juni 1977 aliajiriwa posta kuwa opereta wa simu, na naomba niseme wazi kwamba hapo ndipo nilipomwona dada yangu ana raha, kwa sababu kwenye waya alikuwa sauti tu, watu walimwita dada, mama, hata mwanangu, wakamtania, wakammwagia shida zao wakati wakingoja laini. Mitambo mipya ilipofika mwaka 1993 alihamishiwa kaunta, na watu walewale waliomzoea kwa sauti wakaanza kumsemesha Kiingereza polepole kama wanabembeleza paka, huku wageni weupe wakimpita kumtafuta mkubwa wa ofisi, maana kwao yeye alikuwa mweusi kama mimi.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, mtu wa maneno machache, ambaye ndugu zake walitamba mtaani kuwa wameoa mzungu, ila chungu kikiungua ilikuwa uzungu wake, akinyamaza anaringa, akisema ana jeuri, na shemeji akawajibu kwa mkato kwamba yeye ameoa mke. Walijaliwa watoto wawili, binti mweusi tii kama bibi yake, na mvulana mweupe kumshinda mama, na siku moja kliniki aliulizwa mama wa yule binti yuko wapi, akajibu kwamba amekaa hapo anasubiri zamu yake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akalazwa mara kadhaa, hadi alipofariki Jumapili, tarehe 3 Septemba 2023, mchana. Mimi, shemeji na binti yake tulipofika mochwari, mhudumu alituambia, kwa adabu zote, tuwe na subira mpaka wenyewe wafike, tukamwonyesha kitambulisho cha dada, akasema vitambulisho siku hizi vinanunuliwa, hawezi kutoa mwili wa mgeni kwa watu waliojitokeza tu. Binti alipiga magoti mlangoni akimwita mama yake, na mlango haukufunguliwa hadi kesho yake. Ilituuma, na inatuuma mpaka sasa hivi ninavyosoma.

Familia inawashukuru madaktari waliomhangaikia, wenzake wa posta, majirani mliotubebea viti na maji, na kwa namna ya pekee muuguzi wa wodini, ambaye aliposikia habari zetu alishuka mochwari mwenyewe akamwambia yule mhudumu kwamba hawa ndio waliokuwa wakimgeuza kitandani na kumlisha, wape mtu wao.

Asubuhi hii, pale getini, jirani mmoja aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama tuanze au tuwangoje kwanza wazungu. Namjibu sasa mbele yenu nyote, tuanze, hakuna anayengojwa.

Dada, wenyewe tumefika, pumzika sasa kwa amani.