Joachim Chacha, Madirisha Tisa na Nyumba ya Mbao ya Al Warqa

Leo, Alhamisi tarehe 29 Novemba 2018, saa kumi jioni, Bwana Joachim Chacha atarudisha funguo za stoo, atakunja ovaroli yake ya buluu na kuiaga karakana yetu ya Al Baraha baada ya miaka ishirini na saba na miezi miwili. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Mwanamkasi, ninayepokea simu na kuandika oda za ofisi hii tangu mwaka 2005. Wengine wote walikimbia. Walisema kwa kuwa mimi ndiye ninayesema sana, basi niseme. Haya, nasema.

Joachim alifika Dubai Septemba 1991 akitokea Tarime, na cheti cha useremala alichokifunga ndani ya mfuko wa nailoni kisiingie maji. Maji yenyewe hakuyaona hadi Januari. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupandisha vioo mgongoni kwenye majengo ya Bur Dubai, ghorofa nne, lifti hakuna. Mwaka 1997 akawa fundi kamili. Mwaka 2004 akafanywa msimamizi wa ufungaji, na tangu hapo kila anayejua kusimamisha dirisha katika karakana hii amefundishwa na yeye, au amefundishwa na aliyefundishwa na yeye.

Wateja walimpenda, na siri ilikuwa shati. Siku ya kufunga dirisha alivaa ovaroli kama sisi sote tunavyomjua, lakini siku ya kupima alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alisema anayeingia chumbani kwa watu kwa mara ya kwanza lazima aonekane ametoka kwao vizuri. Alipima mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, na kila mara alinipigia simu nimwandikie. Siku moja nilichoka, nikamuuliza kama lile dirisha limeota tangu asubuhi. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba mwezi wa nane mbao hutanuka, mama, ni heri tujue mapema. Nikaandika. Kweli vipimo vilikuwa vimepishana milimita tatu, na sikumchokoza tena kwa muda wa wiki nzima.

Kiarabu chake kina lafudhi ya Tarime, lakini kila arbab, yaani kila tajiri wa kazi, alimwelewa. Neno "yalla" alilitamka taratibu mno kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuharakishwa nalo. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na hata makanisa husali siku hiyo, aliimba besi kanisani. Mwezi wa Ramadhani alikula chakula chake cha mchana ndani ya gari, mapazia yamefungwa, ili sisi tuliofunga tusimwone, kisha jioni alikuwa wa kwanza kufika kwenye futari yetu na wa mwisho kuondoka. Hilo la mwisho tunamsamehe.

Sasa nije kwenye nyumba zenye mbao, maana hapo ndipo jina lake lilipojengwa, na hapo ndipo lilipotikisika.

Katika mji huu nyumba nyingi ni zege na rangi. Lakini zipo villa chache ambazo wenyewe wamezivisha mbao kwa nje, ubao juu ya ubao. Kubadilisha dirisha kwenye nyumba ya namna hiyo kuna njia tatu, na vijana wa karakana wanaziimba kama jedwali la kuzidisha. Ya kwanza, unaiacha fremu ya zamani palepale na kuchomeka dirisha jipya ndani yake. Nusu siku umemaliza, mbao hujazigusa, mteja anafurahi. Ya pili, unazikata mbao kulizunguka dirisha, unaitoa fremu, na pengo unalifunika kwa ubao mpya wa pembeni. Ya tatu ndiyo ndefu: unavua mbao zote za upande ule, unaing'oa fremu, unaweka karatasi ya kuzuia maji, unafunga dirisha jipya na kurudisha mbao moja moja.

Joachim hakuwahi kusema ipi ni bora. Alikuwa na sheria yake moja tu. Kabla ya kuchagua njia, vua ubao mmoja chini ya dirisha baya kuliko yote, tia mkono, kisha umwage maji kwa mpira robo saa uone yanakokwenda. Ukuta ukiwa mkavu, chomeka. Ukiwa umelowa, vua. Alituambia kwamba kwingine fundi akikosea mvua humsema wiki ileile, lakini hapa Dubai kosa laweza kulala miaka miwili ndipo liamke, na likiamka linamkuta mteja kitandani.

Mwaka 2014 tulipata kazi ya madirisha tisa Al Warqa, kwa Bi Ghania. Huyu ni mama wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu ujana wake. Marehemu mumewe, Mzee Humam, alikuwa karani, lakini alipostaafu aliamua kwamba yeye ni seremala. Mwaka 2003 aliivisha nyumba nzima mbao kwa mikono yake, na kila mwaka alizipaka mafuta hadi alipofariki mwaka 2009. Bi Ghania aliendelea kuzipaka mafuta. Fremu za madirisha, ambazo hazikupata bahati hiyo, jua lilizipasua.

Joachim alikwenda kupima na shati lake jeupe. Akatoa shikamoo, akawekewa kahawa, akawekewa haluwa, kisha akawekewa wali, na baada ya wali ndipo Bi Ghania akamwambia alilotaka kumwambia tangu kahawa. Madirisha abadilishe yote, lakini mbao za Humam asiziguse hata moja. Alisema ndicho kitu pekee cha marehemu ambacho anaamka asubuhi anakikuta mahali pake.

Nani angeweza? Mtu amekuita mwanangu, umekula wali wake, analengwalengwa na machozi, halafu wewe utoe nyundo useme mama nipishe nivue ubao? Joachim hakuweza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakuvua ubao wala hakumwaga maji. Alinipigia simu akasema niandike njia ya kwanza, kuchomeka, madirisha yote tisa. Nikamuuliza ukuta ukoje. Akasema niandike tu.

Kazi ilitoka nzuri ajabu. Mwaka mzima Bi Ghania alinipigia kunisifia jinsi kiyoyozi kinavyopoza. Kisha ikaja ile mvua ya Machi 2016, iliyogeuza barabara kuwa mabwawa. Maji yalipita nyuma ya mbao, yakateremka nyuma ya zile fremu za zamani tulizoziacha, yakatokea majlis, kwenye sebule ya wageni. Zulia lililowa, plasta ikavimba, na Mawadda, binti yake Bi Ghania, alinipigia simu nikaiweka mbali na sikio na bado nikasikia kila neno.

Joachim hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe jioni ileile, akasimama mlangoni na maji miguuni, akamwambia Bi Ghania kwamba kosa ni lake na kwamba safari hii mbao lazima zivuliwe. Aliahidi kila ubao utarudi pale pale ulipotoka. Bi Ghania alimtazama, akamwambia haya, fanya. Joachim na Hesbon, fundi mwenzake, walichukua siku kumi na moja. Kila ubao waliuandika namba kwa chaki nyuma, mia mbili na arobaini na sita, na zote zikarudi. Tangu siku hiyo imenyesha mara kadhaa na haijaingia hata tone.

Lakini ofisini mambo hayakuisha hivyo. Meneja wetu, Sir Hafiz, alitaka ripoti. Joachim akaandika mistari miwili: uvujaji umetokana na njia ya ufungaji iliyochaguliwa, na aliyeichagua ni mimi. Khalas. Hakuongeza neno. Akapewa barua ya onyo, na usimamizi akavuliwa. Kwa miaka miwili na nusu mtu aliyewafundisha wote amefanya kazi chini ya wanafunzi wake, na kadi yake ya kazi imesomeka "fundi" basi. Hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yake, na hakuna aliyenisikiliza.

Wiki tatu zilizopita nilimpigia Bi Ghania kumwalika kwenye sherehe hii. Katika maongezi ulimi ukaniponyoka, nikasema inauma kuona mtu kama yule anaondoka na onyo kwenye faili na cheti cha utumishi kisicho na cheo chake, na yote kwa ajili ya yale maji. Akaniuliza onyo gani. Nikamweleza. Saa moja baadaye teksi ilisimama mbele ya karakana, akashuka na baibui lake na fimbo yake, akapita mezani kwangu bila hata salamu, akaingia moja kwa moja kwa Sir Hafiz. Mimi niliingia na chai ambayo hakuna aliyeiagiza, nikasikia yote.

Bi Ghania alisema hivi. Siku ya pili ya kuvua mbao alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, akiwatazama. Joachim alipoing'oa fremu ya zamani, kulikuwa hakuna karatasi ya kuzuia maji. Wala silikoni hakuna. Mapengo yote kuizunguka fremu yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa. Joachim akavuta kimoja, kikatoka, kikaendelea kutoka, na ilikuwa khanga, nyekundu, yenye mchoro wa korosho, nzima nzima. Bi Ghania aliijua. Ilikuwa khanga yake aliyoitafuta nyumba nzima mwaka 2003 hadi akamsingizia jirani. Mzee Humam, Mungu amrehemu, alikuwa amekosa cha kuzibia, akafungua kabati la mkewe.

Dirisha baada ya dirisha zikatoka nyingine, nyingi zimeoza. Maji yalikuwa yakipita ukutani humo tangu nyumba ivishwe mbao, na khanga zikiyanywa, mpaka mvua ile ilipozishinda. Na Joachim, alipoitazama ile ya korosho, alitazama kwanza huku na huku kama ameonwa. Kisha akaikunja vizuri, akaificha chini ya mfuko wa zana, akamwambia Hesbon neno. Bi Ghania hakulisikia, lakini tumemuuliza Hesbon. Aliambiwa kwamba marehemu hafanyiwi ripoti mbele ya mjane wake.

"Mie nlijua siku ile ile," Bi Ghania alimwambia Sir Hafiz. "Nkanyamaza kwa kuwa nliona anamsitiri mume wangu, nami nkampa nafasi amsitiri. Sikujua kama nyinyi huku mnamvua nguo yeye."

Jamani! Sir Hafiz aliondoka kitini akaenda kufungua faili mwenyewe. Alisema kweli Joachim alikosea kutovua ubao, na kwa hilo alistahili kusemwa, lakini ukuta ulikuwa mbovu miaka kumi na moja kabla yeye hajaugusa, na hakustahili kuvuliwa cheo. Barua ya onyo haimo tena kwenye faili. Cheti atakachokabidhiwa leo kinasomeka Msimamizi Mkuu wa Ufungaji, na tarehe za utumishi wake katika cheo hicho zimeandikwa kuanzia 2004 hadi leo, bila pengo.

Joachim, haya yote unayasoma sasa hivi pamoja na wageni, nami ninajua umeshaanza kunitafuta kwa macho. Usinikasirikie. Sikuivunja siri yako, mwenye siri ndiye aliyeniagiza niiandike, na alinisomesha rasimu mara mbili. Amesema Humam alimpenda, na mtu anayekupenda anaweza pia kukuharibia khanga, wala si aibu watu wakijua.

Karakana inakushukuru kwa madirisha elfu kadhaa yanayofunguka bila kelele, kwa vijana uliowapa kazi mikononi, kwa mashati yako meupe na kwa futari zetu ulizozimaliza. Ubao mmoja tutauvua daima kabla ya kuchagua njia, hata tukilishwa wali. Msalimie sana mkeo, Mama Severina, huko Tarime, umwambie tumekutunza kadiri tulivyoweza. Nenda salama, kaka yetu. Uishi miaka mingi yenye afya, katika nyumba isiyovuja, na mvua ikinyesha huko kwenu ulale usingizi wako wote.

Limebaki jambo moja. Hesbon anasema ile khanga ya korosho uliifua, ukaipiga pasi, na imo kwenye kabati lako la zana tangu 2016, kwa sababu kuitupa ulishindwa na kuirudisha uliona haya. Bi Ghania amekaa safu ya mbele, kiti cha tatu kutoka kushoto. Anataka khanga yake, na anataka wewe ndiye umpe.