Vizimba vya Madume

Sikilizeni, wanangu, na wewe kitinda mimba acha kunipepea, sina joto, nina aibu. Mmekua mkisikia kwamba mama yenu aliwauguza wanaume wa mtaa huu mpaka wa mwisho, na kila niliposifiwa nilinyamaza. Mficha uchi hazai, nami nimeficha miaka thelathini.

Mnajua nilifanya kazi maabara, nikitunza tumbili. Daktari wetu alitengeneza kirusi cha kuua panya wa maghala, akaniamuru niwadunge tumbili ishirini, majike kumi na madume kumi, tujue kama ni salama kwa watu. Madume walikuwa wakorofi, wananirushia mavi, mmoja akaninyofoa kidole, hiki kigutu mnachokitania. Nikawadunga majike tu. Madume sikuwagusa, na kwenye fomu nikaandika kwa mkono wangu: wote ishirini wazima.

Kwa fomu hiyo kirusi kikamwagwa maghalani, kikaingia majumbani, kikachagua wanaume. Mnakumbuka vitanda: baba yenu, wajomba zenu, na kaka yenu aliyekuwa ananyoa ndevu asizokuwa nazo. Aliniuliza: mama, mbona dada zangu hawaumwi? Nikamwambia sijui. Nilijua, wanangu.

Watu wakamvunjia daktari nyumba, akafa hana wa kumfumba macho, huku akiapa tumbili wote walipona, muulizeni mtunzaji. Wakaniuliza. Nikasema niliandika alichoniamuru. Binti yake ndiye yule mshona nguo wa pale kona, mnayemtemea mate mkipita, nami dirishani nikiwatazama tu.

Basi nyumba hii msigawane, mpeni yeye. Kifungua mimba, usinune, wewe una mume, na wenye waume mtaa huu wanahesabika. Chini ya godoro kuna daftari langu la vizimba, limeandikwa kila siku: madume bado, madume bado. Lisomeni mlangoni kwake kwa sauti, mtaa wote usikie, kabla hamjanizika. Asipotaka kuja mazikoni mwacheni, ni haki yake. Na mtu asisimame kunisemea wema.

Maji… kidogo tu. Inatosha.

Kitinda mimba, lete tumbo lako hapa, niliguse. Akiwa wa kiume… usimfiche, mwambie bibi yake alifanya nini. Sina radhi nyingi za kutoa, lakini hii… hii pokeeni. Mungu amkuze. Amkuze mpaka… anyoe ndevu za kweli.