Wasichana Kumi na Tisa Niliowaandika Wametoweka

Mheshimiwa Naibu Waziri, Bwana Lebakeng; Chifu wetu; maofisa wenzangu wa ustawi wa watoto, na ninyi wageni waalikwa mliokuja kuhakikisha kwamba naondoka kweli: amani iwe nanyi.

Kustaafu ni kutamu jamani, hasa ukistaafu kabla hujafukuzwa. Mimi nilistahili kufukuzwa, na leo nawaambia kwa nini.

Mpango wetu mnaufahamu: msichana akiiba, badala ya kupelekwa gerezani anakalishwa pamoja na mtu aliyeibiwa, mbele ya chifu, wakubaliane atalirekebishaje kosa. Mwaka jana nikatumwa kupima kama unafaa. Nikawatafuta wasichana arobaini waliopitia kwetu miaka mitano nyuma. Kumi na tisa sikuwaona. Nikaandika: wametoweka, mpango umeshindwa, ufungwe. Saini nikaitia kwa mbwembwe zote!

Mmoja wao ni Relebohile, aliyeiba blanketi la jirani. Nilimfuata hadi kijiji nilichoelekezwa. Mama mwenye nyumba akanijibu, "Relebohile? Hapa hatuna mtu huyo." Mke wa mwanawe akaniletea motoho, uji mchachu mtamu ajabu, nikanywa nikaondoka.

Mwezi uliopita, sokoni Mokhotlong, binti mwenye mtoto mgongoni akanishika mkono. "'M'e, mama yangu, ulikunywa uji wangu ukaenda zako. Mimi ndiye Relebohile!"

"Sasa mbona ulinyamaza, mwanangu?"

"Nimkatize mama mkwe? Wewe nawe! Pale mimi ni 'Mathabang, tangu waliponipa jina siku ya ndoa; la usichana hawalitumii."

Aibu iliyoje! Mimi niliyezaliwa Nthatisi, ninayeitikia jina la ukweni, 'Makatleho, mwaka wa thelathini na tatu huu, nilizunguka milimani nikiulizia wake za watu kwa majina ya usichana! Nikapanda farasi upya. Kati ya wale kumi na tisa, kumi na sita wako kwa waume zao, na hakuna hata mmoja wao aliyegusa tena cha mtu; watatu tu ndio sijawapata.

Mheshimiwa, ripoti yangu ya kwanza imo kwenye bahasha hiyo mbele yako, na Jumatatu utaiidhinisha. Jumanne, binti wa miaka kumi na minne aliyeiba redio ya mwalimu anatakiwa kukaa na mwalimu huyo mbele ya chifu. Mpango ukifungwa, atalala gerezani na wanawake wazima. Kweli aende huko kwa uzembe wangu mimi?

Saa hii ya ukutani mliyonizawadia ni nzuri, nashukuru. Lakini ukitaka kuniaga vizuri, Mheshimiwa, nirudishie hiyo bahasha.

Asante, Mheshimiwa. Nimeipokea. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia.