Kengele Moja kwa Shule Arobaini na Mbili

Usinibetulie mdomo. Hujasikia hata neno moja, umeshakunja pua kama uliyepita karibu na jalala. Unadhani wivu ni kitu cha wasichana wanaogombea kioo? Basi kaa usikie jinsi wivu ulivyozikwamisha kompyuta za wilaya nzima, na mmoja wa walioushika mkono ukafika huko ni kikongwe asiyejua hata kompyuta inawashiwa wapi. Kama huamini, mlango ule pale. Kama unabaki, nyamaza.

Kijiwe chenyewe kipo pale njia mbili zinapokutana, mbele ya chumba cha Bi Birika muuza kahawa. Zamani kilikuwa duka la marehemu mumewe. Rafu zimebaki, bidhaa hakuna. Jua likiwaka, benchi hukaa nje. Mvua ikinyesha, benchi huingizwa ndani, na wenyewe wanaingia nalo kama kunguni. Alhamisi hiyo mvua ilianza tangu asubuhi, kwa hiyo wote walikuwa ndani. Alikuwepo Mwalimu Chaki, mkuu wa shule mstaafu, ambaye kwa miaka thelathini ndiye aliyebeba bahasha za mitihani zenye lakiri, na mpaka leo akitembea anabana kwapa kama bahasha bado imo. Alikuwepo Fundi Waya wa umeme, na Wembe kinyozi. Bi Birika yeye habanani na mtu kwenye benchi. Ana kigoda chake kando ya jiko la mkaa. Husikia yote, hujibu moja.

Gumzo lilikuwa mtihani wa majaribio wa Jumanne. Wilaya imeamua mwaka huu watoto wote wa darasa la mwisho, shule arobaini na mbili, wafanye mtihani mmoja kwenye kompyuta, kwa mtandao. Akatafutwa mratibu wa kuupanga. Mwalimu Chaki akaomba. Akajibiwa kwamba umri umempita. Fundi Waya akaomba, ingawa tangazo lilitaka watu wenye vyeti. Binti wa Bi Birika, mwalimu wa hesabu, akaomba, akafika mpaka usaili wa mwisho. Kazi ikaenda kwa nani? Kwa mtoto wa mke mwenza wa Bi Birika! Wa yule mwanamke aliyeletwa nyumbani siku Bi Birika bado ana mtoto kwenye ziwa. Sasa Jumanne mtihani wa majaribio umeanguka mchana kweupe, na kesho Ijumaa kamati ya Afisa Elimu inakaa kuamua kama binti abaki na kazi au atolewe.

Nami nisikufiche: tangu Jumanne kahawa ya Bi Birika ilikuwa imekolea kuliko siku zote.

— Kaduara! Wembe alisema. Mwanangu ananiambia walikaa saa nzima wanatazama kaduara kanazunguka tu. Mmoja akalala. Mwingine akatapika.

— Kwa kizunguzungu?

— Kwa maziwa ya jana yake. Lakini alikuwa anakatazama.

Fundi Waya akaweka kikombe chini. — Mimi nilisema zamani. Nyaya zile wamezipitisha chini ya bati. Bati likishika moto, mtandao unayeyuka. Mtandao ni kama siagi, ndugu yangu.

— Jumanne kulikuwa na mawingu.

— Basi uliganda! Siagi hufanya yote mawili. Si wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo?

— Mtoto na siagi wapi na wapi?

— Mtandao haukulelewa. Wangenipa mimi zile nyaya, leo ungekuwa umekomaa.

— Acha zako, Wembe alisema. Wewe ulinyimwa kazi ndiyo maana unaona siagi. Sikiliza sababu yenye akili. Zile kompyuta zina jicho. Jicho linamtazama mtoto usoni ili lijue ni yeye. Sawa? Haya, watoto wa hizi shule za mjini wananyolewa na nani?

— Na wewe.

— Kwa mtindo upi?

— Unao mmoja tu.

— Sasa! Mashine ikaona kichwa kilekile kinakuja, kinakuja tena, mara elfu tatu. Ikafikiri ni mtoto mmoja mkorofi. Ikasusa.

Hata Bi Birika alicheka, akafunika kinywa kwa upande wa kanga. Mwalimu Chaki hakucheka. Alikuwa amevaa tai. Alhamisi, mvua inanyesha, mzee yuko kijiweni na tai! Bi Birika aliiona tangu alipoingia, lakini akaiweka kwanza.

— Na wewe Bi Birika, Fundi Waya alimchokoza, mbona kimya? Yule si mwanao pia?

— Mwanangu mimi anafundisha hesabu. Yule ni wa jirani yangu wa kitanda.

— Lo! Ulimi huo ukinolewa tutahamisha kinyozi.

— Kwani alichomzidi mwanangu ni nini? Bi Birika aliendelea, na sasa sauti ilikuwa haina mzaha. Waliketi darasa moja. Wangu wa pili, yeye wa tano. Baba yao alikuwa akimpitishia yule vitabu vipya, wangu anapewa vilivyochanika jalada. Leo yule anapelekwa huku na huko na gari la wilaya, wangu anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Halafu mama yake ananipitia hapa, "Mwenzangu, ratiba ya binti yangu imeubana sana ukuta wangu, hata pa kutundika kalenda sina." Kalenda! Nani alimuuliza habari za kalenda?

Mvua ikabishana na bati.

— Tatizo si waya wala vichwa, Mwalimu Chaki alisema, akikohoa kile kikohozi chake cha mbele ya gwaride. Tatizo ni nidhamu. Barua ya yule mratibu kwa wakuu wa shule ilisema nini? Watoto waingie kwenye mtihani safu kwa safu, safu moja ikishaingia, zipite dakika tano, ndipo nyingine ifungue. Mtihani gani huo? Wa mbele ataona swali, amnong'oneze wa nyuma. Huo ni wizi ulioandikiwa barua! Mtihani ni kengele moja. Inalia, wote mnaanza. Penye wengi hapaharibiki neno.

— Ndipo palipoharibika, Fundi Waya alisema kwa sauti ya chini.

Na hapo kila mtu akapata kazi ya kufanya na kikombe chake. Maana hapo ndipo penyewe.

Jumatatu, siku moja kabla ya majaribio, watu hawahawa walikuwa kwenye benchi hilihili. Mwalimu Chaki simu yake ilikuwa imepasuka kioo. Akaazima ya Bi Birika. Macho yake hayaoni tarakimu, basi Wembe akawa anabonyeza, Fundi Waya anamsomea namba kutoka kwenye kijitabu. Akawapigia wakuu wa shule tisa, wote aliwafundisha yeye ualimu, wote wakisikia sauti yake husimama hata kama wapo bafuni. "Mwanangu, ile habari ya safu kwa safu achana nayo. Piga kengele, wote waanze. Waambie na wenzako." Tisa wakawaambia wenzao. Jumanne saa tatu kamili kengele zikalia wilaya nzima, watoto wote wakabonyeza kwa pamoja, na kaduara kakaanza safari yake.

Bi Birika alisikia kila neno siku ile. Alijiambia mzee anaamini asemacho. Mtu wa bahasha ataamini nini kingine? Alijiambia pia kwamba yeye ni wa darasa la saba tu, mambo ya mtandao hayajui. Lakini hakusema "nirudishie simu yangu." Alimwongezea kikombe.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mratibu mwenyewe, binti wa mke mwenza, amelowana mpaka ncha za nywele, faili lake kalifunga kwenye mfuko wa plastiki vizuri kuliko alivyojifunga yeye.

— Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama mkubwa. Hamjambo, kaka zangu?

— Marahaba, binti yangu, Mwalimu Chaki alisema, akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Hakukaa. — Mwalimu, nimekutafuta nyumbani wakaniambia uko huku. Tangu jana nimezunguka shule kumi na tisa. Kila mkuu ana barua yangu, na kila mkuu anajua kusoma. Niliwaeleza mapema: mtambo wa wilaya ni mmoja, watoto wote wakiingia kwa wakati mmoja ni kama kupitisha msafara wa harusi kwenye mlango wa banda la kuku. Ndiyo maana ya safu kwa safu. Na kuibia hakuwezekani, kila mtoto maswali yanamjia kwa mpangilio wake. Wote wakaitika. Jumanne wote wakapiga kengele.

— Maajabu, alisema Fundi Waya, akitazama balbu.

— Kamati inakaa kesho saa nne. Wanasema kama kuna mtu aliwapa wakuu maagizo mengine, nimlete au nilete jina. Kama hayupo, basi kosa ni la ratiba, na ratiba ni mimi. Wakuu nikiwauliza, wanatazama viatu. Mwalimu, wengi wao ni wanafunzi wako, na hata mimi umenifundisha kushika kalamu. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Nani aliwaambia wapige kengele?

Wembe akafuta wembe usiokuwepo kwenye goti. Fundi Waya bado na balbu, na balbu yenyewe imeungua tangu mwaka juzi. Mwalimu Chaki akaivuta tai.

— Swali gumu hilo, binti yangu, alisema mwishowe. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Wewe nenda pole.

Bi Birika akashika birika amimine, apate pa kuweka mikono. Yakatoka matone mawili na machicha. Alipoinua macho, binti alikuwa amegeuka kando anakamua mtandio, na ile shingo, ndefu, yenye alama nyeusi chini ya sikio, ilikuwa shingo ya mumewe. Chembe ya mwanamke yule haikuwemo. Bi Birika akatazama makaa.

— Haya, asanteni. Mama mkubwa, dada nimsalimie?

— Yuko shuleni. Anasahihisha.

— Mwambie zile hesabu alizonipigia za dakika tano tano zilikuwa sawa. Nilizipima tena. Zilikuwa sawasawa.

Akatoka. Mlango ukabaki wazi, mvua ikaingia mpaka mguu wa benchi.

Bi Birika hakujua kwamba bintiye alipiga hesabu zozote kwa ajili ya yule. Nyumbani hakusema. Nani angethubutu kusema, nyumba ile?

— Ameondoka, Wembe alinong'ona, kana kwamba wengine vipofu.

— Atapumzika, Mwalimu Chaki alisema. Akatoa karatasi mfuko wa ndani, akainyoosha juu ya goti. Nanyi mjue. Afisa Elimu kaniita kesho saa nne na nusu. Anataka mtu mzoefu ashike kwa muda. Bi Birika, simu yako ile sitaisahau. Nikikalia kile kiti, binti yako namchukua ofisini. Atakuwa akinipangia mafaili, ananitilia na chai.

Wa pili darasani. Mafaili na chai.

Bi Birika akaweka birika tupu chini taratibu.

— Hongera, mwalimu, alisema. Hebu nifahamishe mimi mjinga wa darasa la saba. Siku ya mtihani wenyewe, ukiwa wewe ndiye mratibu, kengele utaipiga saa ngapi?

— Kengele? Mzee alicheka, kile kicheko cha kumsahihisha mtoto. Hapana, mama. Mtandao hauwezi mzigo ule kwa mkupuo. Tutawaingiza safu kwa safu. Dakika tano tano.

Hakujua alichosema mpaka alipomwona Fundi Waya ameacha kutazama balbu.

Usije ukadhani Bi Birika alimpenda yule binti ghafla. Hakumpenda, na mama yake ndiyo kabisa; akifikiria ule ukuta wenye ratiba bado roho ilimchoma. Lakini wivu nao una ngazi zake. Mtoto wa mumewe kukipata kile kiti ni mwiba. Mzee huyu kukipata, kwa simu yake yeye, ni mkuki, na wa kumpokelea mkuki huo hakumwona.

Akasimama. Akajifunga kanga, akatia mkono kifuani, akaitoa ile simu yake ndogo ya vibonyezo, akaikung'uta majivu.

— Zile namba tisa za Jumatatu, Wembe, zinafutwaje?

— Unabonyeza pale pembeni, halafu…

— Usinionyeshe. Sijui kufuta, na leo sitaki kujua.

Mwalimu Chaki akanyanyuka nusu, karatasi ikateleza ikaangukia kwenye maji ya mlangoni. — Bi Birika! Dada yangu! Unakwenda wapi na mvua yote hii?

— Kahawa imekwisha.

Akaikanyaga karatasi kwa sababu ilikuwa njiani, akatoka kumfuata yule binti, akaufunga mlango.