Bi Anziza na Mkono Uliowaka

Wasikilizaji wapendwa, Ijumaa iliyopita Mutsamudu ilimzika Bi Anziza Charif, muuguzi. Muuguzi, narudia. Hakuwa daktari. Ila alikuwa mtu wa kuuliza.

Turudi mwaka 1986. Mamluki, askari wa kukodiwa kutoka Ulaya, ndio wenye sauti visiwani kwetu Komoro. Zaïdou, kuli wa bandari ya Mutsamudu, alikatwa na waya wa winchi karibu na kiwiko. Jeraha likapona. Maumivu hayakupona. Hata shati likimgusa, mkono uliwaka kama umemwagiwa maji ya moto. Wengine wakasema jini. Wengine wakasema uvivu. Mwaka mzima hivyo. Ndipo akaingia hospitali na neno moja:

"Dada, ukateni."

"Na ukikatwa, maumivu yakabaki?" Bi Anziza akamuuliza. "Funga macho kwanza, kaka yangu."

Akampapasa kwa pamba, taratibu. Kila Zaïdou aliposhtuka, Bi Anziza alitia alama ya kalamu kwenye ngozi. Kisha akagonga kovu kwa kidole. Zaïdou akaruka: "Umeme! Umefika kidole cha mwisho!"

Batoul, binti wa Bi Anziza, anakumbuka: "Mama aliuchora mkono ule kwa chaki juu ya meza ya kulia. Wali ukapoa. Akasema, 'Tazama, alama zote zinafuata mshipa mmoja wa fahamu. Huyu mtu hasemi uongo.'"

Akamwandikia mwalimu wake wa zamani, huko Marseille, Ufaransa. Miezi minne baadaye kikaja kimashine cha betri, cha kusisimua mishipa ya fahamu. Kikazuiwa uwanja wa ndege, Moroni, kisiwa kingine. Bi Anziza akapanda meli kukifuata.

Pale uwanjani mamluki mmoja akazinyooshea kidole nyaya za kimashine. "Bomu?"

"Dawa."

"Dawa gani ina nyaya?"

Bi Anziza akasogeza shiromani yake, nguo aliyojitanda, akajibandika nyaya mkononi, akawasha. Vidole vikacheza vyenyewe. "Lete na wako," akasema.

Yule mwenye bunduki akarudi nyuma hatua mbili. Akamruhusu aondoke nacho.

Siku ya kwanza ya tiba, Mutsamudu, alikibandika kwenye kovu lenyewe. Zaïdou akapiga kelele. Kosa la Bi Anziza, na alilikubali. Kesho yake akabandika juu zaidi, penye ngozi nzima, umeme mdogo, nusu saa. Akaeleza hivi: mtekenyo wa umeme ukiwahi njiani, maumivu hukosa nafasi ya kupita.

Wiki ya tatu Zaïdou akaja amevaa shati la mikono mirefu.

"Yamekwisha?"

"Hapana, dada. Yapo, ila yamekaa kando. Jana nimempakata mwanangu."

Alirudi bandarini, kuwaelekeza waendesha winchi. Bi Anziza aliwatibu wengine kumi na mmoja, mpaka kimashine kikafa.

Kwa Batoul na jamaa wote wa Mutsamudu na Mirontsy, poleni sana. Mola amrehemu mama yetu. Nasi tuliobaki, je, nyumbani kwako yuko anayelalamika kila siku, na wewe huoni kidonda? Leo kaa naye. Muulize panauma wapi.