Hema la Watu Wawili

Basi lilikuwa limetoka mtaa wa Ruwais likielekea mtaa wa Ghulail, katika mji mmoja wa Kiarabu, na Valary alijifanya amelala ili awasikie vizuri wawili wa kiti cha mbele. Hawakuwa wanajuana, Kiswahili cha Kenya ndicho kilichowakutanisha. Nahashon, dereva wa familia moja, alikuwa anarudi nyumbani wiki hiyo baada ya miaka tisa, na alikuwa akimwonyesha Lydia, mfanyakazi wa ndani, picha za mahema yanayouzwa mtandaoni kwenye simu.

"Hili la kijani lina kilo moja na nusu tu," alisema. "Unalibeba mgongoni hadi juu ya Mlima Kenya na huchoki."

"Lakini ni la watu wawili."

"Mimi na kijana wangu, Kevin. Nilimwahidi akiwa na miaka kumi."

"Na yeye amekubali?"

Nahashon aliikuza picha kwa kidole. "Mamake alipofariki, bosi wangu, kafili, alikataa nisafiri. Kevin alimzika bila mimi. Tangu siku hiyo hashiki simu zangu."

Valary, ambaye mazishi ya baba yake aliyatazama kwa video akiwa jikoni kwa madam aliyemwajiri, alisahau kwamba amelala, akafumbua macho.

"Basi nunua la mtu mmoja, ndugu yangu," Lydia alisema kwa upole. "Ni jepesi zaidi. Usijiumize bure."

"Hapana, dada."

"Na akikataa kuja?"

"Nitalala upande mmoja."

Lydia alitaka kubisha, lakini basi lilikuwa limesimama. Nahashon alishuka Ghulail simu ikiwa bado mkononi, na Valary hakujua kama alilinunua lile hema la watu wawili.