Barabara Iliyopita Chumbani kwa Mzee Chediel

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Sogeeni karibu na redio, leo nina mtu wa kuwasimulia habari zake. Jumanne iliyopita, kule Kinampanda, walimzika Mzee Chediel. Ndiye yule aliyebomoa nyumba ili barabara ipite. Mmesikia vizuri. Nyumba yake mwenyewe.

Alikuwa msimamizi wa matengenezo ya barabara hadi alipopunguzwa kazini. Enzi zile za ruksa, mabati yalipojaa madukani, aliuza alizeti yake akaezeka. Ikawa nyumba ya kwanza ya bati mtaani. Majirani bado walikaa kwenye tembe, na paa la tembe ni udongo, mvua linainywa. Yeye mvua ikipiga bati lake alitoka barazani kuisikiliza, anatabasamu peke yake. Haikupita miaka mitatu, mtaa mzima ukaezeka bati.

Korongo lililo kando ya mtaa nalo likaanza kula barabara. Kufika mwaka tisini na tatu, ilibaki njia ya mkokoteni mmoja tu, na mbele yake kaya saba. Mvua moja kubwa, na kaya saba zingekatwa.

Wakakutana. Fundi Kefa akataka ukuta wa mawe na saruji. Mama Felista, wa nyumba ya mwisho, akasema wapande mkonge ukingoni. Wengine wakanong'ona kwamba barabara isogezwe juu, mbali na korongo. Walinong'ona kwa sababu huko juu ndiko ilikokuwa nyumba ya Mzee Chediel. Mwenyewe alikuwa amekaa pale pale.

Siku ya pili, mchana, mvua ikashuka. Mjane wake, Bibi Eliana, anasimulia: "Alitoka na fimbo. Akaanzia pale ukingo unapomeguka, akayafuata maji kurudi yanakotoka, hatua kwa hatua. Yakamleta mpaka chini ya paa letu. Akaingia amelowa chapachapa, akaniambia, 'Mama Andrea, maji yanayokula barabara yanatoka kwetu. Bati nililianza mimi.'"

Wasikilizaji wapendwa, fikirini hapo. Mabati yalikuwa ya mtaa mzima. Angeweza kunyamaza, na nani angejua?

Kesho yake akasimama mbele ya watu. Ukuta utaanguka, akasema, chini ni udongo laini. Mkonge ni mzuri, ila mizizi inataka miaka. "Tusogeze barabara leo. Mkonge tupande, upate muda wa kukua. Na kila paa lichimbiwe shimo la kupokea maji yake."

Bibi Eliana akaruka: "Baba Andrea, umerukwa na akili? Tutalala wapi?"

Akajibu taratibu, "Tembe ninajua kujenga."

Akapanda juu mwenyewe, akang'oa bati la kwanza. Kefa, aliyetaka ukuta, alilia mbele za watu. Mzee Chediel akaishi kwenye tembe mpaka mwisho wake.

Mkonge umeshika ukingo. Kaya saba zipo. Jumanne, gari lililobeba jeneza lilipita barabara ile ile, na Bibi Eliana akaomba lisimame kidogo. "Hapa," akasema, "ndipo kilipokuwa chumba chetu."

Bibi Eliana, Andrea na ukoo mzima, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, mvua ijayo ikinyesha, tutoke nje tukalowe kidogo. Tuyafuate maji ya paa letu, tuone yanaingia kwa nani.